Watoto wa Chupa na Woga Wetu

Wako watu wasemao kwamba mtoto aliyetungwa kwa msaada wa madaktari hana budi kupata saratani. Mimi sikubaliani nao, na ningependa wanafunzi wenzangu wayapime maneno hayo.

Yai la mama huunganishwa na mbegu ya baba ndani ya chombo, kisha hurudishwa tumboni. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kampala walimpata wa kwao mwaka 2004. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walitangaza habari za watoto 106,013 waliozaliwa hivyo. Waliopata saratani walikuwa 108. Katika watoto wengine wa idadi hiyo wangetazamiwa kama 110. Basi tofauti iko wapi? Ni kweli kwamba uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2019 uliona hatari zaidi kwa watoto waliotokana na mimba changa zilizogandishwa kwa baridi kabla ya kurudishwa tumboni. Lakini hata kati ya hao wagonjwa walikuwa wachache sana. Yafaa wazazi waambiwe wazi, kisha wachague wenyewe. Kumtisha mwanamke ambaye tayari asimangwa kwa utasa ni ukatili, si hekima.

Tena, kama twawahurumia watoto kweli, tuanzie hapa ufukoni mwa Mweru. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, akiuliza katika hospitali za njiani mpaka Afrika Kusini, akaona kwamba saratani hiyo hukaa katika nchi za joto na mvua. Leo yajulikana kuwa malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964, huifungulia njia. Nasi Nchelenge tuna malaria kupita kiasi, lakini wengine wetu vyandarua tulivyopewa twavulia chisense!

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mlio na wadogo zenu nyumbani, walazeni ndani ya chandarua. Na mkiona taya la mtoto limevimba, msingoje: mpelekeni hospitali upesi, kwa kuwa ugonjwa huo ukiwahiwa mara nyingi hupona kwa dawa.