Ndai Imeinuliwa, Stering Inatetemeka: Usiharakishe Kulaumu Barabara ya Nambale

Simama hapo Nambale dakika kumi tu uhesabu gari zilizoinuliwa. Kuna Probox imewekwa spesa, kuna Prado ina matairi ni kama ya trekta, kuna Land Cruiser ya mwanasiasa inajipanga kwa kampeni za 2027. Ni fasheni, lakini pia ina maana. Ukiacha lami ya Busia–Mumias uingie ndani kwa mashamba ya miwa wakati wa mvua, gari ya chini italala huko.

Noma inaanza ukirudi lami. Uko 80, unagonga kashimo kadogo, na stering inatetemeka hadi mikono inakufa ganzi. Mbele yako kuna trela inaelekea mpakani, kando kuna boda amebeba mama na mtoto. Hapo si fasheni tena.

Na hapo ndipo wasee wengi hupoteza doh. Unaambiwa uweke dampa mpya ya stering. Unaweka, inatulia wiki mbili, mtetemo unarudi. Buda, dampa ni dawa ya maumivu tu. Malaria bado iko ndani.

Ugonjwa wenyewe unategemea gari. Land Cruiser 70 na Suzuki Jimny zina aksli nzima ngumu mbele. Angalia uma wa mbele wa baiskeli: haujasimama wima, umelala kidogo. Gari pia ina huo mlalo, unaitwa kasta, na ndio hurudisha stering katikati. Ukiinua gari bila kurekebisha, kasta inapungua na ndai inatangatanga kama mtu ametoka kwa busaa. Kuna pia chuma cha mshazari kinachozuia aksli isisonge kando, panadi rodi. Ukiinua, kinavuta aksli upande mmoja. Bushi ama bolti yake ikilegea, shimo moja tu linatosha kuamsha ule mtetemo.

Probox na Prado hazina aksli ngumu mbele. Huko angalia tairodi. Ukiinua, zinainama kuliko vile kiwanda kilipanga, na kila bampu gurudumu linajigeuza kidogo bila wewe kugusa usukani. Baada ya muda tairi linaliwa upande mmoja.

Tairi kubwa nalo linaongeza uzito kwa kila jointi. Hata spidi inakudanganya. Toa tairi ya 265/65R17 kwa Prado uweke 285/70R17, na kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hivi hadi 831. Hiyo ni asilimia 7. Dashibodi ikisema 80, wewe uko karibu 86.

Sasa ufanye nini? Anza na vitu vya bure.

Kwanza, osha rimu kwa ndani. Tope la miwa likikauka huko linaharibu balansi kabisa. Pima upepo. Kama gari inatetemeka kwa spidi moja tu, hata lami ikiwa safi, shuku matairi. Hamisha ya mbele nyuma. Mtetemo ukitoka mkononi ukahamia kwa kiti, umepata mwizi.

Pili, tafuta ulegevu. Weka handbreki, washa injini, matairi yakiwa chini. Rafiki achezeshe stering kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe uchungulie chini. Jointi yoyote inayocheza kabla tairi lisonge ndiyo shida. Kisha piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi ama bol-jointi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, angalia tairodi.

Tatu, alainimenti. Hii inakuja mwisho, kwa sababu kupanga gari yenye jointi zimelegea ni kutupa pesa. Itisha karatasi ya mashine na uulize kasta ni ngapi. Fundi akikosa jibu, tafuta mwingine.

Sasa tuongee ukweli. Matatu hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Ndai yako ya kibinafsi iliyoinuliwa hupita roadblock bila mtu kuchungulia chini. Rasimu ya kanuni za ukaguzi ya 2025 ilipogusa magari ya kibinafsi yaliyopita miaka 4, wengi walipiga kelele kwamba ni njia nyingine ya kutuchuna. Hiyo hofu inaeleweka. Lakini kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki tayari kinasema gari lisiwe barabarani kama hali yake inaweza kuhatarisha watu. Usiposhika ulegevu wewe mwenyewe, yule mama kwa boda ndiye atalipa.

Na ukipatwa na huo mtetemo njiani, usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwa mafuta polepole, shika usukani imara bila kupigana nao, acha spidi ishuke, kisha uende kando. Hapo usiseme utafika Kisumu kwanza ndio uangalie. Simama, ingia chini, tafuta jointi.