Nani Amshauri Mwenye Nyumba?

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hufundishwa madarasani kila mwaka, aghalabu kwa mifano ya siasa. Hata hivyo, ukweli wake hudhihirika pia mahali pasipotajwa sana vitabuni, yaani juu ya paa la mkulima wa majani chai.

Mkulima mdogo wa Kericho na Bomet anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kila mwezi, kisha hupata bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa, kwa kawaida mnamo Oktoba. Fedha hizo huja kwa mkupuo. Katika maeneo kama Kabianga, ambako mvua ni nyingi na mvua ya mawe si jambo geni, sehemu yake huelekezwa kwenye nyumba: mabati yaliyooza yabadilishwe, jiko lijengwe upya, sakafu ya udongo itiwe saruji. Hapo ndipo swali gumu huzuka. Nani amwambie mwenye nyumba fundi yupi anafaa?

Washauri hawakosekani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi humtaja fundi ambaye hununua kwake. Fundi naye humtaja mwenye duka ambaye humpa chochote kwa kumletea mteja. Jamaa humtaja mpwa wake. Si lazima wote hawa wawe wadanganyifu. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana ngozi anayoivuta.

Mathalani, chukua suala la mabati. Mtu asiye na ujuzi hudhani kuwa geji 30 ni nene kuliko geji 28, kumbe kadiri nambari inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Fundi aliyekubali kufanya kazi nzima kwa bei moja hana sababu ya kulieleza hilo, kwani tofauti ya bei hubaki mfukoni mwake. Vivyo hivyo, uwiano wa saruji, mchanga na kokoto hauonekani zege likishakauka, wala mbao mbichi hazionekani dari likishapigiliwa. Jirani anayesifu kazi husifu kile ambacho macho yake yanakiona.

Wapo watakaosema kuwa serikali imekwisha kulitatua jambo hili. Ni kweli kuwa Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili wakandarasi na kuwaweka katika ngazi, kuanzia ya 1 hadi ya 8. Ni kweli pia kuwa kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji. Lakini usajili na ushauri ni mambo mawili. Orodha humwambia mwenye nyumba nani ameruhusiwa kufanya kazi. Haimwambii kama makadirio aliyopewa ni ya haki, wala kama ukuta wake utahimili paa jipya.

Pengo hilo ndilo linalohitaji mshauri huru, na uhuru wake hutegemea jambo moja: nani anamlipa. Nchini Marekani, shirika la watumiaji la Consumers Union, lililoanzishwa mwaka 1936, lilikataa matangazo ya biashara ili hukumu yake juu ya bidhaa isitiliwe shaka. Kanuni hiyo haihitaji utajiri wa Marekani. Ushirika wa akiba na mikopo, ambao wanachama wake hukopa ili kujenga, unaweza kumwajiri mtaalamu wa ujenzi kwa ujira wa siku. Kazi yake ingekuwa kukagua nyumba, kulinganisha makadirio ya mafundi watatu, na kuandika mapatano yanayotaja vifaa, muda, na malipo ya awamu. Asipokee chochote kutoka kwa fundi wala dukani. Uamuzi ubaki kwa mwenye nyumba.

Gharama itatajwa kama kizuizi. Lakini mkulima wa chai anaielewa hoja hii kuliko mwanasheria. Katika kituo cha kununulia majani, karani anapopima, mkulima husimama karibu akiitazama mizani, kwa kuwa mnunuzi haachiwi mizani peke yake. Ajabu ni kuwa mtu huyo huyo, akitaka kujenga, humwachia fundi mizani yote.

Fauka ya hayo, mapatano hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi, ilhali makadirio mengi ya ujenzi huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye nyumba akitia sahihi asichokielewa, hata Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, itapata shida kumsaidia. Hapa pana kazi kwa wanafunzi wa Kiswahili: kusanifu mapatano mepesi yenye istilahi ambazo fundi na mkulima wanazitumia tayari.

Bonasi iliyopotea kwenye paa linalovuja hairudi hadi Oktoba nyingine, na mvua haimsubiri mtu.