Mbona Kazi Yake ya Bure Hamkuihesabu?



Kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na mabarazani kila dada aliye katikati ya talaka anapoomba kushikwa mkono kwenye biashara yake. Hajaomba pesa. Ameomba kijana mwenye pikipiki amsambazie oda za Ijumaa, msichana mmoja amkalie dukani akienda kwa kadhi, au mtu anayejua hesabu amsaidie kupanga madaftari. Basi utasikia: "Huyo anataka kufanyiwa kazi bure." "Si angevumilia ndoa yake." "Sisi hatuingilii mambo ya mume na mke."

Hebu tuyajibu.

Tuanze na hiyo "bure". Ni nani aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri? Ni nani aliyekuwa akipanda basi la usiku kwenda Eastleigh kuchukua madera, akarudi asubuhi na kufungua duka? Duka likiwa la mume, yeye ndiye aliyekuwa akipima unga na sukari huku mtoto yuko mgongoni. Mshahara wake ulikuwa shilingi ngapi? Miaka yote hiyo hakuna aliyesema kuna mtu anafanyishwa kazi bure. Tuliita "kumsaidia mumewe", tukamsifu kwa kuwa mke mwema. Leo anaomba masaa manne ya Jumamosi, ati amekuwa ombaomba!

Dini yetu haikumnyima haki hiyo. Surat An-Nisaa, aya ya 32, iko wazi kwamba mwanamume ana fungu katika alichokichuma, na mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Mali ya mke haigeuki kuwa ya mume kwa sababu ya nikaha, wala haiyeyuki kwa sababu ya talaka.

Serikali nayo imesema lake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kusimamia biashara ya familia kuwa ni mchango, sawa na kulea watoto na kazi za nyumbani. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 3, inampa Muislamu nafasi ya kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Lakini msidanganyane kwamba kila mtu anapewa nusu kwa nusu. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu inayokuja yenyewe, kila upande uthibitishe mchango wake. Kwa hivyo dada apite mlango wa kadhi au mlango mwingine, ataulizwa swali moja: ushahidi uko wapi?

Na hapo ndipo tunapoona wanavyoumia. Namba ya Lipa na M-Pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, kwa hivyo kila mteja anayelipa anamlipa mume. Leseni ya kaunti ina jina la mume. Deni la jumla limeandikwa kwenye daftari la muuzaji, na muuzaji anamjua mume. Mwanamke ametoka na watoto na begi, na hana hata karatasi moja. Wiki mbili duka limefungwa, wateja wameshahamia kwa jirani. Biashara ndogo haingoji kesi iishe.

Sasa kijana uliyesomea hesabu na umekaa nyumbani unangoja kazi, kazi ndiyo hii. Keti naye mtoe taarifa zake za M-Pesa kwa *334#, mpige mstari kila malipo ya bidhaa aliyotuma kwa simu yake. Andikeni nani anamdai na yeye anamdai nani. Surat Al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni, na sisi tunaisoma kila Ramadhani halafu tunafanya biashara kwa mdomo. Wewe unayejua mambo ya saiba, msaidie kufungua namba mpya ya malipo kwa kitambulisho chake. Wewe wa bodaboda, mpelekee oda tatu ukienda njia yako.

Na wanaosema "tusiingilie", wasikie kisa hiki. Amesimulia Jabir bin Abdillah, katika Sahih Muslim, kwamba mama yake mdogo aliachwa, akataka kutoka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, alimruhusu akavune, huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Wakemeaji walikuwepo tangu zamani, na jibu walipewa. Mambo ya eda yana tafsili yake kulingana na aina ya talaka, kwa hivyo dada amuulize kadhi au sheikh anayeaminika. Asiulize baraza.

Kusaidia nako kuna adabu. Kaka, usiende peke yako nyumbani kwake. Hesabu zifanyiwe dukani mchana, au kwa wazazi wake, watu wakiwepo. Usisaidie kuhamisha stoki usiku wala kuficha pesa. Kama kuna mali ya mume humo, ni amana mpaka igawanywe kwa haki. Tunamsaidia apate chake, hatumsaidii kudhulumu.

Nawe dada unayeomba, sema wazi: kazi gani, masaa mangapi, mpaka lini. Mwezi mmoja unaeleweka. Kijana akifika mwezi wa tatu bila hata nauli, hapo umeanza kumfanyia yeye yale uliyofanyiwa wewe. Biashara ikisimama, mlipe, hata kidogo, na mwandikiane.

Upande wa mawakili, usiuze pete kabla hujauliza. FIDA Kenya inawasaidia wanawake bila malipo, na Kituo cha Sheria pia kinasaidia wasio na uwezo. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nenda na makaratasi yako yakiwa yamepangwa.

Vijana, sisi tunalia kila siku kwamba jamii yetu haina uchumi. Uchumi wetu mwingi ni hawa kina mama wa mahamri, madera na viazi karai. Kila talaka ikifunga duka moja, watoto wanatoka madrasa na shule kwa kukosa karo, halafu tunafanya harambee. Si tungelisaidia duka lisifungwe?

Ijumaa hii baada ya swala, muulize dada mmoja wa mtaani kwako: nikusaidie nini, na lini? Halafu uende.