Jitolee Wewe, Tajiri!

"Baki kidogo, kontena limefika." Kama unauza duka la mtu Kariakoo, kauli hiyo unaijua. Unaisikia kila wiki, na kila wiki unabaki.

Unabaki kushusha marobota Mtaa wa Kongo. Unabaki kuhesabu mzigo. Unabaki kufunga hesabu. Daladala za Mbagala zimeshakata, unapanda bodaboda kwa hela yako. Ukiuliza malipo unaambiwa: "Kijana, huna moyo wa kujitolea."

Moyo gani? Mwenye nyumba wako kule Mbagala anapokea moyo?

Anayejitolea ni yule anayeweza kukataa. Wewe ukikataa, kesho unamkuta mwenzako kaunta. Hiari iko wapi hapo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ipo tangu 2004. Saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, basi. Saa ya ziada ni kwa makubaliano, na inalipwa mara moja na nusu. Sikukuu, mara mbili. Usiku una nyongeza ya asilimia 5. Sheria haisemi soda. Haisemi chipsi. Haisemi "nitakukumbuka".

Februari 2025 tukapiga makofi: Kariakoo inafanya biashara saa 24! Sawa, sina ugomvi na biashara ya usiku. Ila piga hesabu. Saa 24 ni zamu tatu. Duka lenu lina watu wa zamu tatu? Au ni nyie walewale wawili, mnapokezana kusinzia juu ya marobota?

Eti "sisi hapa ni familia". Familia! Ulipolala na malaria, siku zile hazikukatwa? Faida ya Desemba mligawana?

Na hapa hasira zangu zinakugeukia wewe. Saa unazogawa bure si zako peke yako. Ni ajira ya yule kijana wa kijiweni anayezunguka na bahasha yake ya vyeti. Tajiri amwajiri wa nini, na wewe unafanya kazi ya wawili kwa mshahara wa mmoja? Ukicheka na nyani utavuna mabua, na safari hii mabua tunavuna wote.

Utasema nikidai nitafukuzwa. Ni kweli, unaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Ndiyo maana hadai mmoja. Dai na wenzako. Nunua daftari, andika saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku, bila kuruka. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini haimngoji mtu aamke: aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri, mwenye madai ya malipo ana siku 60.

Siku 60! Na wewe tangu mwaka juzi unalalamikia ndani ya mwendokasi, tena kwa sauti ya chini, usije ukasikika.