Rubondo si ya wageni wa mbali tu

Mkazi wa Nyahanga mjini Kahama akipata siku mbili za mapumziko, mara nyingi huishia baa au kwenye runinga. Wachache hukumbuka kwamba mkoa jirani wa Geita una Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 456 za msitu, fukwe na maji ya Ziwa Victoria.

Huko kuna sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Walikuwa wamefugwa katika bustani za wanyama. Wakaachiwa msituni, wakazaliana, na leo vizazi vyao vinajitafutia chakula bila msaada wa mtu. Kuna tembo na twiga pia, nzohe wa majimajini, tai mlasamaki, na sangara kwa anayependa kuvua kwa ndoano. Mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi, raha ambayo si kila hifadhi huitoa.

Tatizo ni kufika. Boti ya kukodi humlemea mtu mmoja, ilhali kundi la shule, kwaya au chama cha wachimbaji lingeweza kugawana gharama. Tunaliomba Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na halmashauri za Geita, Chato na Kahama zipange safari za pamoja mwishoni mwa wiki, kwa nauli inayotangazwa mapema na boti zenye maboya ya kutosha. Dhahabu ya ukanda huu itakwisha siku moja. Msitu wa Rubondo, ukitunzwa, hautakwisha.