Usimwambie mtoto baba amesafiri

Chukua mtoto wa miaka sita anayeishi Katoro, mkoani Geita. Baba yake ni mchimbaji mdogo. Mwezi huu yuko Nyarugusu, mwezi ujao kasikia kuna rashi Chunya, anafunga begi na kuondoka. Akirudi analeta viatu vya shule na soda. Mtoto huyo amezoea kumsubiri baba.

Siku moja duara linaporomoka na baba harudi. Nyumba inajaa watu, turubai linafungwa, mtoto anapelekwa kwa jirani akacheze na wenzake. Jioni anauliza baba yuko wapi. Shangazi anajibu haraka: baba amesafiri.

Jibu hilo hutolewa kwa upendo, na halisikiki Geita tu. Lakini katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Geita hadi Kahama na Shinyanga, lina ubaya wake wa pekee: linaaminika. Mtoto wa muuza duka anaweza kushangaa baba kusafiri bila kuaga. Mtoto wa mchimbaji hana cha kushangaa, kwani baba yake amekuwa akisafiri siku zote. Basi anasubiri. Kila bodaboda ikisimama nje anachungulia. Miezi inapita, na anaanza kujiuliza amekosa nini hata baba akamsahau kiasi hiki.

Kinachoongeza ugumu ni kwamba wakati mwingine wachimbaji hurudi kweli. Januari 2017 watu 15 waliofukiwa mgodini Nyarugusu walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari kama hizo husimuliwa vijiweni, na watoto wana masikio. Kwa upande mwingine kuna misiba kama ule wa Nyandolwa, Shinyanga, Agosti 2025, ambako watu 25 walifukiwa na familia zikakaa zikisubiri.

Katika siku za kusubiri, mtu mzima mwenyewe hajui aseme nini. Hapo ukweli ni mfupi: “Baba amefukiwa kwenye duara. Watu wanachimba kumtafuta. Bado hatujui.” Kwa siku hiyo inatosha. Mwili ukipatikana, maneno yabadilike siku hiyohiyo, na mtoto ayasikie kwa mama au kwa mtu anayemwamini kabla hajayasikia kwa watoto wa jirani.

Maneno yenyewe ndiyo yanayowashinda wazazi wengi. Neno linalotakiwa ni “amekufa”. Watu wazima wana njia nyingi za kulikwepa: amelala, ametutoka, ametangulia. Mtu mzima anaelewa, ila mtoto wa miaka minne akiambiwa baba amelala, naye ataogopa kulala. Akiambiwa Mungu alimpenda zaidi, anaweza kuanza kumwogopa Mungu. Familia ya dini ina haki ya kumwambia mtoto baba yuko kwa Mungu, lakini hilo lifuate baada ya kusema amekufa, lisichukue nafasi yake. “Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hasikii maumivu. Hawezi kurudi. Si kosa lako.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Watoto wadogo huamini kwamba walichokiwaza ndicho kilichosababisha jambo kutokea. Kama siku baba anaondoka mtoto alimnunia kwa sababu ya daftari au shilingi mia mbili, huenda akabeba siri hiyo kwa miaka bila mtu kujua.

Kesho atauliza tena baba anarudi lini. Si kwamba hakusikia. Mtoto wa chini ya miaka mitano au sita bado hajaelewa kuwa kifo hakina kurudi, hivyo jibu lilelile linarudiwa, kwa maneno yaleyale, bila kumkaripia. Na akitoka kulia akaenda kucheza mpira, asisemwe kwamba hana uchungu. Watoto huomboleza kwa vipande: dakika kumi za machozi, saa nzima ya michezo, halafu usiku anakuja kulala miguuni kwa mama.

Baadaye uchungu hutokea mahali ambapo mzazi hautafuti. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Tumbo linauma kila asubuhi ya shule na vipimo havionyeshi kitu. Anapigana. Anashuka darasani. Anamng'ang'ania mama hata akienda chooni. Mkubwa wa miaka 13 au 14 anaweza kufanya kinyume, akawa mtulivu na msaidizi mno, kila mtu akamsifu, kumbe anaficha machozi yake ili mama asilie.

Je, kuzungumza kunasaidia, au ni kutonesha kidonda? Jibu lipo karibu na nyumbani. Mjini na vijijini, katika eneo la Moshi mkoani Kilimanjaro na Bungoma magharibi mwa Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu yao waliingia katika vikundi vya unasihi kwa wiki 12, wengine wakaendelea na huduma za kawaida. Mpango uliitwa Pamoja Tunaweza. Waliouendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wasio na uzoefu wa kazi hiyo, waliofundishwa kisha wakasimamiwa kwa karibu.

Kilichofanyika humo hakina uchawi. Watoto walijifunza kutuliza pumzi na kutaja hisia kwa majina yake. Halafu, kidogo kidogo, kila mmoja alisimulia kifo chenyewe faraghani mbele ya mnasihi, pamoja na sehemu ile asiyopenda kuikumbuka. Walezi nao walikuwa na kikundi chao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vikundi vilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa watoto waliopata unasihi kuliko kwa wenzao. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki Bungoma. Upande wa Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamefikia hali inayofanana. Kwa hiyo si dawa ya miujiza, na baadhi ya watoto hupona taratibu ndani ya familia zao. Lakini hofu kwamba mtoto akizungumzia kifo ataharibika haikupata ushahidi hapo.

Mama mjane naye yumo katika hesabu hii, hata kama hana muda wa kujifikiria. Ndugu wa mume wanauliza habari za kiwanja. Wenzake marehemu kwenye duara wanasema mgawo ulikwisha. Kodi ya chumba inadaiwa. Jioni anamfokea mtoto kwa kumwaga maji, kisha analia bafuni. Hakuna ubaya mtoto kumwona analia, mradi aambiwe sababu: “Namkumbuka baba. Wewe hujanikosea.” Baba aliyefiwa na mke hupitia hayohayo, ila wengi wao hupelekewa pombe kuliko pole.

Jambo jingine la ukanda huu lisemwe wazi. Kifo cha kijana mwenye nguvu huleta haraka swali la nani kamroga, na katika mikoa hii wapo wanawake wazee waliouawa kwa shutuma hizo, hata kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mtoto anayesikia ukumbini jina la bibi yake likitajwa anapoteza watu wawili kwa mpigo. Mazungumzo hayo yasifanyike mbele yake. Ikiwezekana, yasifanyike kabisa.

Lini utafute msaada nje ya nyumba? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linahesabu kuwa tatizo la kiafya uchungu mkali wa msiba unaozidi miezi sita na kumzuia mtu kuendelea na maisha. Huhitaji kungoja miezi hiyo kama mtoto hali, halali au ameacha kabisa kucheza. Na mtoto akisema anataka kufa au kumfuata baba, usimwache peke yake na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kauli hiyo si utundu.

Pa kuanzia ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mwalimu wa malezi na unasihi shuleni. Hospitalini, ulizia huduma ya afya ya akili. Neno “akili” linawatisha wazazi wengi, lakini kuulizia huduma hiyo hakumgeuzi mtoto kuwa mwendawazimu. Matatizo makubwa zaidi yanaweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto inapigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Ukifika dirishani usianze na tumbo linalouma, maana utarudishwa na dawa ya minyoo. Anza na msiba: “Mwanangu alifiwa na baba yake miezi saba iliyopita. Tulimwambia amesafiri. Sasa halali, na kila bodaboda ikisimama anakimbilia mlangoni.”