Faili Hili ni la Nani?



Iko desturi moja katika vyumba vya kompyuta vya shule ambayo, kwa maoni yangu, yafaa ikomeshwe. Diski ikijaa, mwanafunzi hutafuta mafaili asiyoyajua, akayafuta. Husema, "Hili si langu, wala si la mwenzangu, basi halina mwenyewe." Lakini mtu apitaye kando ya mto Nabuyonga na kuona jembe limewekwa pale halichukui kwa kuwa hamwoni mwenyewe. Huuliza kwanza.

Katika kompyuta nako kuuliza kwawezekana. Nasema hasa habari za zile zitumiazo Linux. Humo programu huja katika vifurushi, na kila kifurushi kina mafaili yake. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotokana nayo mwaka 2004, huweka orodha ya mafaili ya kila kifurushi kilichoingizwa, kama karani wa ghala aandikavyo magunia na wenyewe. Ukiandika amri dpkg -S, kisha mahali faili lilipo na jina lake, utajibiwa. Kwa mfano, ukiuliza habari za /etc/bash.bashrc, utaambiwa kuwa ni mali ya kifurushi kiitwacho bash. Katika Fedora amri yake ni rpm -qf. Kazi hii ni ya muda mfupi, wala haihitaji intaneti.

Ukiisha kumjua mwenyewe, usifute faili moja tu ukaacha programu kilema. Kama kifurushi hakitakiwi, mwambie mwalimu akiondoe kizima kwa amri ya apt, naye asome kwanza ni vifurushi gani vingine vitakavyoondoka pamoja nacho.

Wako wasemao, "Ya nini taabu hii? Kompyuta ikiharibika itawekwa upya." Kweli, itawekwa. Lakini siku hiyo darasa zima litangoja, na kazi za wenzetu ambazo hazikuwekewa nakala huenda zikapotea.

Tena tujihadhari na jambo moja. Pengine utajibiwa kuwa hakuna kifurushi chenye faili hilo. Hiyo si ruhusa ya kulifuta. Orodha haina mafaili tuliyoandika sisi wenyewe, wala yale ambayo programu huyatengeneza zikiwa kazini, wala aliyoyaweka mwalimu kwa mkono wake. Insha ya rafiki yako haimo katika orodha hiyo, lakini ina mwenyewe, naye aitaka.

Kwa hiyo nashauri kila mwanafunzi afundishwe amri hii kabla ya kufundishwa kufuta. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, mkitaka kuisaidia shule kwa kompyuta, tuleteeni na maarifa ya kuzitunza. Mashine huchakaa upesi mikononi mwa watu wasiouliza.

Kuuliza si ujinga.